Mwambie Kabula

Kabula, mwanangu,

Anayeshika kalamu ni Mama Pendo wa hapa jirani, yule anayeshona sare za shule. Anayesema ni mimi. Nimemwambia aandike kama ninavyotamka, asininyooshee maneno. Ameanza kwa kuniuliza kama aweke ile ya kutumaini kwamba u mzima wa afya. Nikamwambia Kabula nimemwona leo asubuhi akimaliza sahani ya viazi vya matobolwa peke yake, huyo ni mzima, wewe endelea.

Umekwenda Kambarage kuaga rafiki zako na jua bado liko juu. Nimechagua saa hii makusudi, maana ukiwepo ndani sitasema. Kesho basi la Kigali likipita hapa Tinde litakuchukua, na barua hii utaikuta kwenye mfuko wa mbele wa begi lako, chini ya ile michembe ya viazi. Nitaiweka chini ya michembe kwa sababu nakujua: utaanza kula kabla basi halijatia gia ya pili. Isome kabla ya Kahama. Ukianza kusinzia, simama uisome umesimama, lakini Kahama usifike hujaimaliza.

Sitakuambia mambo ya kufunga mlango, wala ya kula, wala ya wanaume. Hayo nimekupigia kelele tangu ulipoota meno, na kama hayakuingia kwa kelele hayataingia kwa karatasi. Nina jambo moja tu. Ni ile kazi yako ya kuhifadhi vitu visifutike.

Jumapili ile nilikuwa nimekaa na ungo nachambua choroko. Ukaja na kompyuta yako ya mapajani, ukavuta kigoda, ukasema, "Bibi, tulia nikueleze wanakonipeleka." Ukanieleza. Ulisema kitu kikiingizwa kwenye hiyo blokcheni hakikai mahali pamoja. Kinakaa kwenye kompyuta nyingi za watu wasiojuana, nchi hii na nchi ile, na kila kipande kimefungwa kwa alama ya kipande kilichokitangulia. Mtu akitaka kubadili neno moja itambidi abadili na yote yaliyofuata, kwenye kompyuta zote, na hilo hawezi.

Nikakuambia mbona hiyo naijua. Babu yako hakufuga ng'ombe wote kwenye zizi lake. Wengine aliwaweka kwa rafiki yake Usanda, wengine Samuye, wengine kwa shemeji yake Nzega, na kila aliyepewa alijua huyu ni ndama wa nani na mama yake alikuwa na rangi gani. Ugonjwa ukiingia zizi hili, yale mengine yanabaki. Mtu akija kudai ng'ombe si yule, kule kote wanasema huyo tunamjua. Ulicheka mpaka ukashika ubavu. Ukasema, "Bibi, nakubeba Kigali ukawafundishe."

Halafu nikakuuliza, na kama kitu chenyewe kilikuwa cha uongo siku kinaingia? Ukasema kompyuta hazijui kweli wala uongo, zinachojua ni kwamba hakijabadilika. Mtu anaweza kuongeza kingine pembeni cha kusema kile cha kwanza si kweli, lakini cha kwanza kinabaki pale pale. Nikauliza, mpaka lini?

"Milele, Bibi."

Ulisema milele kama mtu anayesema Jumatano.

Ukaniambia kule kazini kila anayeingia mpya anapewa nafasi ya kuhifadhi kitu kimoja cha kwao, ndiyo namna yao ya kumkaribisha, na kwamba wewe umechagua kumweka baba yako. Sauti yake, na chini ya sauti yale maneno yake yote niliyokupa mimi, maana sauti yenyewe inakatika. Ukayasoma. Baba alisema nisome mpaka macho yaume. Baba alisema nisiogope giza. Baba alisema nisimjibu mtu mzima hata akikosea. Ukafika pale: Baba alisema nisipelekwe kwa mama, nibaki kwa Bibi.

Nikainuka na ungo wangu nikasema moshi umeniingia machoni. Jiko lilikuwa halijawashwa, Kabula. Wewe uliendelea kusoma.

Tangu siku hiyo silali vizuri.

Sasa nisikilize. Nitaanzia mbali kidogo, usinikimbize.

Baba yako nilimzaa baada ya mapacha, ndiyo maana akaitwa Shija. Kulwa na Doto walikwenda wadogo, wote wawili kiangazi kimoja, kwa surua. Shija akabaki peke yake na mimi nikamlea kama yai, nikamharibu kidogo, sikatai. Shule aliiacha kwa sababu nilimruhusu kuiacha. Akija analia kwamba mwalimu kamchapa, namwambia kaa nyumbani upumzike. Alipumzika mpaka akawa mtu mzima asiyeweza kuandika barua. Alimwoa mama yako, Minza, msichana mrefu wa kwao Kahama, mwenye kucheka kwa sauti kama mwanaume, na mimi kicheko kile sikukipenda tangu siku ya kwanza. Ng'ombe wa mahari walitoka, harusi ikafanyika, ukazaliwa wewe mvua ikimwagika, ukaitwa Kabula.

Halafu mvua ikakataa. Pamba ikakauka ikiwa urefu wa goti. Shija akaenda Nyarugusu kwenye dhahabu kama walivyokwenda wenzake, akapata kazi kwenye duara. Unajua wewe duara ni nini, lakini kuna watu huko uendako hawajui, watadhani ni mchoro. Ni shimo linaloshuka mpaka anga linabaki dogo kama sahani. Yeye alikuwa anafunga matimba, ile miti ya kuzuia kuta zisiwaangukie wachimbaji. Aliijua kazi yake. Sitaki mtu akuambie duara liliporomoka kwa uzembe wake. Ardhi ilikuwa imelewa maji ya mvua, ile mvua iliyokuwa imekataa huku kwetu.

Kabla ya hapo ndipo alipotuma ile memori kadi. Kuandika alikuwa hawezi, na mimi kusoma sijui kabisa, kwa hiyo akaona atume mdomo wenyewe. Alisema kwenye simu ya mwenzake, kisha huyo mwenzake akaja nayo akiwa anakwenda kwao Nzega. Kadi imefungwa kwenye kona ya leso kama kidonge. Tukampa chakula yule kijana barazani, tukachukua simu yake, mimi na mama yako tukaingia chumbani tukafunga mlango. Wewe ulikuwa mgongoni kwa Minza, umelala. Tulikuwa sisi watu wawili tu. Likumbuke hilo, nitalirudia.

Akaanza kwa kunisalimia mimi mama yake. "Mwangaluka, Mayu." Unalijua, umelisikia mara ngapi sijui. Akauliza kama yule ng'ombe mwekundu amezaa. Akasema, "Mayu, ugali wa huku unapikwa na wanaume, ukiutupa ukutani unarudi." Minza akacheka kile kicheko chake. Halafu akasema, mwambie Kabula, na akamalizia alichotaka kukuambia, akakohoa, ikaisha. Tukairudia. Tukairudia tena mpaka simu ya watu ikazima, yule kijana akalala hapa kwa sababu ya ukorofi wetu, ikabidi asubuhi akatafute pa kuchaji.

Mavuno hayajafika, wakaja kutuambia.

Walichimba kumtafuta. Wengine waliwatoa. Halafu duara la jirani nalo likaanza kumwaga mchanga, wakaogopa kufa na wao, wakaacha. Siwalaumu, mama zao nao walikuwa wanawasubiri. Sisi tukachukua shuka lake na kigoda alichokuwa anakalia, tukavizika hapa pembeni ya zizi, tukanyoa nywele, tukalia kama watu wenye maiti. Baadaye nikasikia watu wengine wamelifungua lile eneo kwa upande wa pili, wameweka na karasha lao la kusagia mawe. Nyarugusu hakuna shimo linaloachwa. Sikuwahi kuuliza walikuta nini. Ukiniona natazama mtu amevaa dhahabu shingoni mpaka anaona haya, usidhani naitamani.

Ndiyo maana nilikuelewa uliposema unataka kumweka baba yako mahali ambapo hakuna wa kuja kuchimba. Nilikuelewa kuliko ulivyodhani.

Kadi ilibaki kwangu. Mama yako aliitaka. Alisema, "Mayu, nipe nikae nayo hata wiki." Nikakataa, nikasema msiba haujaisha, hatufungui sauti ya marehemu kabla hatujaondoa tanga. Kweli yenyewe ni kwamba sikutaka itoke mkononi mwangu. Na sasa nikae nayo wapi? Wewe umeona juu ya moto wangu kunaning'inia nini. Mahindi ya mbegu, mtama wa mbegu, vibuyu vya mbegu za maboga. Mama yangu aliweka pale, bibi yangu aliweka pale. Moshi unapita, masizi yanashika, mdudu hagusi, na mvua ikija unateremsha mbegu unapanda. Chochote nilichotaka kiishi nilikipandisha juu ya moto. Nikaifunga kadi kwenye kitambaa, nikaitia kwenye kibuyu kidogo, nikaziba mdomo, nikaitundika pale moshi unapopita mwingi kabisa. Kila nikipika nilitazama juu nikamwona mwanangu yupo salama.

Mama Pendo hapa amecheka, sasa anajifuta machozi na kuniomba radhi. Mwache acheke. Hata yule fundi simu wa Kambarage uliyempelekea kadi baadaye aliigeuza akasema, "Bibi, hii imeiva." Nilitaka kumpiga na mwavuli.

Tulipomaliza msiba mama yako akarudi kwao. Hapakuwa na ndugu wa Shija wa kumrithi, wote nilikuwa nimezika, kwa hiyo alikuwa huru. Wewe nikakushika. Akaondoka bila wewe kwa sababu alidhani ni kwa siku chache. Masika yalipoisha akaja na kaka zake wawili na mzee mmoja wa kwao, wakakaa na wazee wetu hapa uani. Wakasema ng'ombe walitoka, hilo hawabishi, mtoto ni wa kwa Shija. Wanaomba tu mama amlee mpaka akue, maana bado ni mdogo na baba hayupo. Wakasema kwa heshima. Nikawaona wazee wetu wanaanza kutikisa vichwa kukubali.

Nikasema Shija aliacha neno. Sikuwa na neno lolote, Kabula. Nilitaka tu vile vichwa viache kutikisika. Wakaniuliza neno gani, nikasema lipo kwenye kadi. Mama yako akanitazama. Akasema kwa sauti ndogo, "Mayu, mimi nilisikia. Hilo halimo." Nikamwambia yeye alikuwa anacheka, angesikia nini.

Basi wazee wakasema iletwe kadi. Nikapanda kwenye kigoda nikateremsha kibuyu. Nilijua ikilia mpaka mwisho nimeumbuka mbele ya wanaume saba na kuku. Kaka yake Minza akaitia kwenye simu yake. Ikalia. "Mwangaluka, Mayu." Wazee wakainamisha vichwa. Ng'ombe mwekundu, ugali wa ukutani. "Mwambie Kabula," ikakata. Akaitoa, akaipuliza, akairudisha. "Mwambie Kabula," ikakata pale pale. Moshi wangu ulikuwa umekula mwisho wake.

Mzee wetu mkubwa akageuka. "Alimalizia nini hapo, Mayu Shija?"

Nikasema, "Alisema Kabula abaki kwa bibi yake, asipelekwe kwa mama."

Ilitoka laini, kama kitu nilichokuwa nimekikariri kanisani. Nilipoipandisha ile kadi juu ya moto sikuwa na hila yoyote. Moshi ulinisaidia bila kuombwa, na mimi nikaupokea msaada wake.

Nilimsubiri Minza apige kelele. Nilikuwa nimeshaandaa matusi ya kumjibu. Hakupiga. Aliinuka, akakaza kanga kiunoni, akaja mpaka ulipokuwa unacheza na mavumbi, akakushika kisigino. Halafu akaniambia mimi, "Basi muwe mnamwosha miguu, Mayu, kabla hajalala."

Wanaume wakaona ni maneno ya mama anayeaga. Mimi tu ndiye niliyejua amesema nini. Kwa sababu alichosema baba yako mle ndani ya kadi, baada ya mwambie Kabula, ni hiki, na leo nakupa kama kilivyo, bila kukiongezea chumvi: "Mwambie Kabula asilale na miguu michafu. Mwosheni, maana ananipiga mateke usiku ananijaza vumbi." Basi. Akakohoa.

Ndiyo hayo. Nilikuwa nayaona madogo. Mtu anakwenda kufukiwa na mlima, halafu cha mwisho alichoacha kwa mtoto wake ni miguu. Nilijiambia hata yasingekatika yasingetosha kumlelea mtoto. Sasa nimezeeka naona yalitosha. Alikuwa anajua atarudi kulala karibu na wewe, ndiyo maana alisema hivyo.

Baada ya uongo wa kwanza, mwingine haukunipa shida. Ulipokataa shule darasa la pili, nikakumbuka nilivyomwachia Shija, nikaona safari hii siachi: baba yako alisema usome. Ulipoogopa giza: baba yako alisema. Kila sauti yangu ilipokuwa fupi nilisimama juu ya yake. Mengine yamekufaa, na kwa hayo siombi msamaha, nenda ukaniombee wewe kama unaona dhambi. Lakini kuna maneno ambayo leo hata mimi sijui kama aliwahi kuyasema akiwa hai, uani hapa, au niliyatunga nikisonga ugali. Yamekaa mdomoni mwangu muda mrefu, yamechanganyika. Na wewe unataka kuyapeleka mahali ambapo hayatabadilika tena.

La mama yako ndilo linaloniua. Unakumbuka lile gauni la njano la Krismasi, lenye mkanda? Nilikuambia limetoka kanisani. Lilitoka Kahama. Kulikuwa na mengine. Kondakta alikuwa analeta, mimi napokea, na jina la mtumaji nalimeza. Na unakumbuka msiba wa shangazi yako, yule binti wa ndugu wa babu yako, ulipokuwa darasa la saba? Minza alikuja. Akakufuata kisimani akataka kukushika mkono, ukautoa, ukamwambia mbele ya watu, "Baba alisema nikae kwa Bibi." Nilikuwa nyuma yako na ndoo kichwani. Nikamwona uso. Sentensi moja tu ingetosha kunimaliza pale, na alikuwa nayo. Akasema, "Sawa, mama," akaenda kusaidia kuosha vyombo.

Nimelifikiria lile jambo miaka yote. Nadhani alinyamaza kwa ajili yako. Angeniumbua mimi, wewe ungebaki huna baba anayekusemesha. Akaona bora akose yeye.

Mimi nilidhani nampunguzia mtoto uchungu. Nilikuwa natafuna mtu mzima aliye hai ili mfu wangu asiishe. Nilikuwa nimezaa watatu na sina hata mmoja, na wewe una paji la uso la Shija. Nilikutaka. Hoja nyingine sina, na hiyo si hoja.

Mama Pendo ameweka kalamu chini muda mrefu. Nimemwambia aishike. Nimemwambia pia kwamba akitoa neno hili nje ya kizingiti, nitasimama kwaya ikiimba niseme yake yote. Amesema yake hayazidi haya. Ni kweli.

Basi ninachokuomba ni hiki. Sauti ni ya baba yako, ipeleke. Ipeleke na kuku wanaolia nyuma yake na kile kikohozi cha mtu mwingine anayepita. Iache ikatike pale inapokatika. Wanaosikiliza huko duniani wakitaka kujua Kabula aliambiwa nini, wakae hivyo hivyo hawajui. Yale maneno ya chini yake usiyapeleke. Yangebaki huko mimi nimeshaoza, wewe umeshazeeka, na mtoto wa mtoto wako angeyafungua akasoma kwamba baba wa ukoo wao alimkataza mke wake mtoto wake. Na Minza angekuwa wa kukatazwa mpaka hiyo milele yenu. Shija hakumkatazia kitu mke wake. Alimpenda mpaka ikawa aibu, alikuwa anamchotea maji watu wakimtazama.

Unaweza kusema, Bibi, nitaandika yako ya kweli basi, ile ya miguu. Hata hiyo usiiandike kwa mdomo wangu. Mimi nimeshakuwa zizi moja, na zizi lenyewe limeingiwa na ugonjwa. Yuko mwingine aliyesikia. Tulikuwa wawili mle chumbani.

Basi likifika Kahama, shuka. Mwambie kondakta ateremshe begi, akigomba mgombeze, umenisikia nikifanya. La Kigali lipo na kesho yake. Pale stendi, upande wa akina mama wanaopika wali, usiulize Minza, hakuna anayelijua jina hilo. Ameolewa tena, ana watoto wengine, lakini kondakta aliniambia, na sikuwahi kukuambia: uliza Mama Kabula. Miaka yote hii pale stendi anaitwa Mama Kabula.

Kaa, umwache akupakulie. Halafu muulize Shija alimalizia nini. Usimtajie nilichokuambia mimi, mwache aseme mwenyewe. Akisema kama mimi, utakuwa na mahali pawili pa kumweka baba yako. Akisema tofauti, chukua la kwake, mimi kwa jambo hili siaminiki. Na akikataa kusema, usimlazimishe. Ameshika mdomo muda mrefu, unaweza kuwa umekauka.

Kunisamehe usijaribu ndani ya basi, Kahama ni karibu mno. Ukikasirika, kasirika vizuri, usikasirike huku ukinipigia simu kuniuliza kama nimekula. Nitakuwa nimekula. Nitakuwa hapa, natazama kile kigingi juu ya moto, kibuyu hakipo, kadi umechukua wewe.

Hii nyeusi hapa chini ni dole gumba langu. Mama Pendo alitaka kunipa wino wa kalamu, nikapanda kigodani nikachukua masizi ya pale juu. Sahihi nyingine sina.

Sasa nakusikia nje, unamsalimia mzee wa ng'ambo, umerudi mapema. Nimeshabandika maji. Leo jioni nitakuja na karai, na wewe utasema, Bibi, mimi mtu mzima, nitaoga mwenyewe. Nitapiga magoti nikuoshe hivyo hivyo, kama nilivyokuosha kila jioni mpaka ulipoanza kuona aibu na kunifungia mlango. Ulikuwa unadhani mimi ni mwanamke wa usafi tu.

Ukimwona, mwambie Minza nilikuosha.

Bibi yako